Kibete Kilicholipuka Kikabaki

ZUHURA: Kipindi kilichopita nilisema kibete cheupe, yaani kiini kilichobaki cha nyota iliyokwisha kuzima, kikishalipuka hakiachi kitu. Bakari akaniangalia tu, akanyamaza. Haya, sema.

BAKARI: Sikutaka kukukatiza, dada. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Kinanyonya gesi ya nyota jirani, kikikaribia uzito wa Jua mara 1.4 kinalipuka na kusambaratika chote. Mlipuko huo ndio supanova. Lakini mwaka 2002 ikaonekana supanova SN 2002cx, na hiyo ilikuwa na mambo yake.

ZUHURA: Mambo gani?

BAKARI: Mng'ao hafifu, mwendo wa pole. Ukiuchambua mwanga wake rangi kwa rangi, unakuta gesi inakimbia kama kilomita 6,000 kwa sekunde. Supanova za kawaida za vibete, zinazoitwa aina ya Ia, hupita 10,000.

ZUHURA: Kilomita 6,000 kwa sekunde ndiyo pole?

BAKARI: (Anacheka) Kwa hawa, ndiyo. Kundi lao sasa linaitwa Iax. Inadhaniwa moto wa nyuklia hutambaa ndani ya kibete polepole kuliko sauti, ukazimika kabla haujakimaliza.

ZUHURA: Fataki iliyolowa.

BAKARI: Hiyo hiyo! Sasa sikia ya SN 2012Z, kwenye galaksi ya NGC 1309. Kwa bahati, darubini ya Hubble ilikuwa imeipiga picha galaksi hiyo miaka kadhaa kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Watu wakafukua picha za zamani, wakakuta nukta ya buluu palepale. Wakangoja mlipuko ufifie. Wewe ungetarajia nini?

ZUHURA: Nukta ipotee, kama ndiyo iliyolipuka. Au ibaki vilevile, kama ni yule jirani.

BAKARI: Haikufanya lolote kati ya hayo. Miaka ikapita, na bado inang'aa kuliko ilivyokuwa kabla ya mlipuko.

ZUHURA: Si huenda jirani amebabuliwa tu?

BAKARI: Huenda, kwa sehemu. Lakini huenda pia ni kibete chenyewe kilichosalia, kimevimba, nikeli yenye mnururisho inakipasha moto kwa ndani. Mimi picha pekee isingenitosha. Kinachonivuta ni kwamba Ia ya kawaida, baada ya mwaka, gesi yake imetawanyika hadi unaona ndani kabisa. Iax bado ina gesi nzito katikati, kana kwamba kuna kitu kinaendelea kuipuliza.

ZUHURA: Mzuka.

BAKARI: Na huenda mmoja tunaye humu humu kwenye galaksi yetu. Mwaka 1181 Wachina na Wajapani waliandika habari za nyota mgeni, iliyoonekana kwa macho matupu kwa miezi kama sita. Upande huo wa anga, kwenye kundi la nyota la Kasiopea, lipo wingu la gesi liitwalo Pa 30, na katikati yake nyota moto ajabu. Wengine wanasema ni masalia ya vibete viwili vilivyogongana. Hadi leo inapuliza upepo wa kilomita kama 16,000 kwa sekunde.

ZUHURA: Hapo hata wewe huwezi kuniambia ni pole.