Mkia wa Auto Union: msiilaumu injini

Mabibi na mabwana, waulize mashabiki kwa nini Auto Union, magari ya mbio ya Kijerumani, za 1934 hadi 1937 ziliwatia madereva hofu, watakwambia injini ilikuwa nyuma. Mimi nasema tuiangalie ekseli, yaani mhimili wa magurudumu ya nyuma.

Sheria ya mbio ilitaka gari lisizidi kilo 750, bila mafuta, maji wala tairi. Mbunifu wake, Ferdinand Porsche, akamweka dereva mbele, tangi katikati, injini nyuma yake. Propela, shafti ndefu ya kupeleka nguvu ya injini nyuma, haikuhitajika tena kupita chini ya dereva, na mafuta yalipopungua mizani ya gari haikuyumba. Hapo sina la kumkosoa. Chasisi, yaani fremu ya gari, ndiyo iliyoanza kusumbua: bomba zake kuu zilitumika pia kupitisha maji ya rejeta. Zikijipinda, sehemu zilizochomelewa zinapasuka na maji yanavuja, kwa hiyo baadaye maji yakapewa bomba zake.

Toleo la Type C la 1936 lilibeba V16, injini ya silinda 16, ya lita 6, supachaja moja ya kuisukumia hewa, na kamshafti moja tu, shafti ya kufungua vali, kwa silinda zote. Nguvu: farasi 520 kwa mizunguko 5,000 kwa dakika.

Sasa tazameni nyuma. Kila shafti ya gurudumu imeungwa pale kwenye difu tu, gia inayogawia magurudumu nguvu, kwa hiyo gurudumu likipanda au kushuka, linalala upande. Ingia kona kwa kasi: gurudumu la nje linausukuma mwili wa gari juu, lenyewe linajikunja kwa ndani, na tairi linabaki limekanyaga kwa ukingo. Hapo mshiko unakatika ghafla, si polepole. Na dereva, aliyekaa karibu na magurudumu ya mbele, anausikia mkia ukiwa umeshaondoka. Difu ya kampuni ya ZF ya 1935 ilizuia gurudumu la ndani kuzunguka bure, lakini haikuzuia gurudumu la nje kujikunja.

Dereva Bernd Rosemeyer aliliweza gari hili, akawa bingwa wa Ulaya 1936. Alitoka kwenye pikipiki za DKW, hakuwa na mazoea ya magari ya injini mbele ya kuyasahau.

Mwaka 1938 ikaja Type D, V12 ya lita 3. Dereva akasogezwa nyuma, matangi yakawekwa ubavuni, ekseli ikawa ya aina ya De Dion, inayoyaweka magurudumu wima. Injini haikuhamishwa. Dereva Tazio Nuvolari akashinda nayo mbio za Monza, Italia, na Donington, Uingereza, mwaka huohuo.