Siti ya Mustang 1968: mgongo upone, gari libaki na siti yake

Habari zenu wapenda machuma, karibuni gereji. Tuko Houston, jua la leo halina huruma, na mbele yenu ni Mustang GT ya 1968, gari la Ford, injini ya inchi za ujazo 390, nguvu ya farasi 325. Chuma kizuri kwa kila kitu isipokuwa kukaliwa. Endesha saa moja tu, mapaja yanakufa ganzi na kiuno kinakudai mpaka kesho yake. Na nyie wabishi wa kusema Mustang si gari la misuli, yaani "muscle car", gari la barabarani lenye injini kubwa, andikeni huko chini, nitawasoma jioni.

Kabla hujashika spana, kaa kwanza. Miguu kwenye pedali, mikono kwenye usukani. Kijana, sogeza kamera hapa kwenye goti. Mnaona? Goti liko juu, paja linaelea, kiganja changu chote kinapita chini yake bila kubanwa. Uzito wote umekaa makalioni. Sasa watu wakiumia hivi wanakimbilia sponji laini, wakifika nyumbani wanazama zaidi, wanalaumu duka. Ugonjwa wa siti hii ni pembe yake. Imekaa bapa, na mgongo wake haulali nyuma, unakunjwa mbele tu ili abiria apite. Tukiinua mbele kidogo na kujaza kiunoni, kazi imekwisha.

Kutoa siti ni rahisi. Gari juu ya stendi, si jeki tupu. Ingia chini, ng'oa vizibo vya mpira kwenye sakafu, ndani yake utakuta nati nne. Soketi ya nusu inchi, kiongezeo kirefu. Mimi nilizipulizia mafuta ya kulegeza kutu tangu jana. Hakuna mfuko wa hewa wala waya wa umeme wa kuogopa humu, gari la zamani lina raha zake. Siti hiyo nje. Reli zisugue kwa brashi ya waya, paka grisi nyeupe kidogo, tuendelee.

Sasa hapa simameni. Ngozi imebanwa kwenye fremu kwa pete hizi ndogo za waya. Kata kwa koleo, vaa miwani, zinaruka. Lakini pete si tatizo, pete ni za kutupa. Tatizo ni huu hapa, kamera karibu: ndani ya ngozi kuna mfuko mwembamba umeshonwa, na ndani ya huo mfuko umepita waya mrefu. Huo ndio unaovuta ngozi chini ikapata ile mifereji yake. Usiutupe. Ngozi mpya nyingi zinakuja bila huo waya. Ukitupa ngozi ya zamani nao uko ndani, siti itavimba katikati na hutajua kwa nini. Uchomoe sasa hivi, ufunge karatasi: huu wa kushoto, huu wa kulia, huu wa mbele. Nasubiri.

Umeuchomoa? Haya.

Sponji ya zamani inatoka kwa mikono, inamwagika unga tu. Chini yake gunia, na chini ya gunia... ngoja. Ngoja, rudisha kamera. Hii haikuwa kwenye mpango wa leo. Springi hii ya tatu imechomoka kwenye kibanio chake, ncha imetoboa gunia. Ndiyo maana nilikuwa nachomwa upande wa kushoto nikikata kona! Sponji mpya juu ya hii ingedumu miezi, kisha ncha ingechungulia tena. Rudisha springi kwenye kibanio, gonga kibanio kifunge, kisha bonyeza kila springi kwa kidole gumba. Inayocheza peke yake ifunge na jirani yake kwa waya. Juu weka gunia jipya. Mafundi makochi wa nyumbani mnaijua hii, hata Ford walitumia gunia, kwa hiyo msidharau kazi zenu.

Sasa sponji. Chagua ngumu kiasi, ile ukiibonyeza kwa ngumi inabisha. Sponji mpya za dukani mara nyingi zimejaa kuliko ya kiwandani, kwa hiyo msiongeze urefu ovyo. Sababu si kichwa kugonga paa peke yake. Marekani ililazimisha viegemeo vya kichwa kuanzia Januari 1969. Hili ni la 1968, mgongo wa siti unaishia mabegani. Kila sentimita unayojiinua, ndivyo kisogo chako kinavyozidi kubaki hewani ukigongwa nyuma. Mimi naongeza sehemu mbili tu: kipande cha sentimita moja na nusu chini ya mapaja, kingo zake nimezikata mshazari, na kipande cha sentimita mbili kiunoni, usawa wa mkanda wa suruali. Gundi ya kupuliza, kidogo. Kisha weka siti sakafuni, tandaza ngozi juu bila kubana, kaa nusu saa. Kunywa chai. Kama kuna kinachokusumbua, kata sasa.

Ngozi iache juani ilainike. Funika sponji kwa nailoni ile ya nguo za dobi, ngozi itateleza yenyewe. Rudisha nyaya kwenye mifuko yake. Nimesema nyaya! Angalia karatasi yako, kushoto ni kushoto. Anza kubana pete katikati, nenda pembeni, mwisho kona. Mikunjo ipitishe mvuke wa pasi, usiiguse ngozi kwa chuma.

Kurudisha siti: reli za mbele, kwenye bolti mbili, weka wasta nene za chuma, vile visahani vyenye tundu katikati, jumla sentimita moja. Siti nzima inalala nyuma, paja linashikwa, na mgongo unapata pembe, mawili kwa mpigo. Ila ukikaza, uzi wa bolti lazima utokeze nje ya nati. Usipotokeza, punguza wasta au weka bolti ndefu zaidi. Siti iliyoshikwa na nyuzi mbili haitakusubiri siku ya ajali.

Haya, kiganja kipite chini ya paja... hakipiti. Safi.

Vizibo vya mpira virudishe, maji yasiingie. Nati zikague tena baada ya wiki ya kuendesha. Vipande vya mapaja na kiuno ninavikata mwenyewe, kiungo kiko chini. Shemeji yenu anauliza upande wa abiria ni lini. Nimemwambia wiki ijayo, na hilo limerekodiwa, sina pa kukimbilia.