Kulijua Jiwe kwa Ukucha, Msumari na Kigae

Wazee wangu, dada na kaka, nanyi wanafunzi mliokuja na mawe mifukoni, habari za mchana. Kabla sijaanza, naomba sahani hii ipite. Ni chumvi ya mawe, ile ya sokoni. Kila mmoja achukue punje moja, aiweke kiganjani, aitazame kwa lenzi.

Mnaona pembe? Vijisanduku. Hakuna mtu aliyevichonga. Sodiamu na klorini zimejipanga safu kwa safu, na umbo mnaloliona ni mpangilio huo umejitokeza nje. Madini ndiyo hayo: kitu kigumu kilichojitengeneza katika asili, chenye kemikali zake maalumu, na chembe zake zimejipanga. Kipande cha chupa hakimo, hata king'ae namna gani. Kimetengenezwa kiwandani, na ndani yake chembe zimekaa ovyo.

Mwamba ni jambo jingine. Huku Arusha tunakula makande, basi mwamba ndiyo makande, na madini ni mahindi na maharage yaliyomo. Ukisogelea majabali ya graniti ya Mwanza utaona punje za kijivu zenye mng'ao wa kioo, hizo ni kwatzi. Zilizo nyeupe au za waridi ni feldispa. Na vigamba vinavyometameta ni ulanga. Ulanga utaujua hata gizani, maana unabanduka kwa ukucha, karatasi juu ya karatasi.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta. Anayeanza kukusanya mawe hushika rangi kwanza, na rangi ndiyo shahidi wa kuaminiwa mwisho. Tanzanaiti iligunduliwa Mererani mwaka 1967, na dunia inaijua kwa bluu yake. Lakini nyingi hutoka shimoni zikiwa za kahawia, hadi zipashwe moto, nyuzi 500 hivi au 600 za Selsiasi, ndipo bluu ije. Madini yenyewe huitwa zoisaiti. Nendeni Longido, mtaikuta zoisaiti hiyohiyo ikiwa ya kijani, imebeba rubi nyekundu tumboni. Na rubi nayo ni ndugu wa damu wa johari nyingine ya bluu, isiyo tanzanaiti. Zote mbili ni madini yaitwayo korundamu. Kiswahili kimeziweka nyumba moja siku nyingi: yakuti, na yakuti samawi.

Kama rangi haitoshi, tutumie nini? Tutumie mikono. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs alipanga madini 10 kwa ugumu, kila moja likiweza kulikwaruza lililo chini yake. Talki, laini kama unga, ni namba 1, jasi 2, kalsaiti 3, kwatzi 7, korundamu 9, almasi 10. Huhitaji kununua chochote. Ukucha wako ni kama 2 na nusu, msumari wa chuma na kioo cha dirisha vinakaribia 5 na nusu. Hili hapa jiwe la Longido. Napitisha msumari: hakuna kitu, umeacha alama ya chuma tu, ninaifuta kwa kidole. Nachukua ncha ya kwatzi: ule ukijani umechubuka, tazameni. Rubi haikuguswa. Ila tafadhali, usikwaruze fuwele nzuri, yaani jiwe lenye umbo lake la asili, kwenye uso wake. Tafuta pembe iliyokwisha kuvunjika.

Kipimo cha pili ni kigae cha sakafuni, upande wa nyuma usiopakwa rangi. Nilipokuwa darasa la sita niliokota mtoni jiwe lenye vipande vya njano vinavyong'aa, nikalala nalo chini ya mto wa kitandani siku tatu. Mzee mmoja mchimbaji hakunicheka. Alilisugua kwenye kigae, unga ukatoka mweusi. Dhahabu huacha mstari wa njano, akaniambia. Hii ni pairaiti, chuma na salfa. Jiwe lile ninalo mpaka leo.

Kuna na tone la ndimu. Kwangua unga kidogo wa jiwe la chokaa, kama lile la mapango ya Amboni kule Tanga, udondoshee ndimu, utaona vipovu. Kwatzi haisemi kitu.

Niwaombe jambo moja kwa dhati: andikeni lebo siku hiyohiyo. Nina sanduku zima la mawe ya miaka yangu ya mwanzo, mazuri, na sijui hata moja lilitoka mlima gani. Yananiuma. Jiwe lenye namba, jina la kijiji, tarehe na mwamba lilimokaa linaweza kumfundisha mtu baada yako. Lisilo na kwao ni pambo tu. Bandika namba, andika daftarini, panga kwenye trei za mayai. Osha kwa mswaki na maji, isipokuwa chumvi, ambayo itayeyuka, na pairaiti, ambayo unyevu huiharibu.

Msiingie mashimo yaliyoachwa, hata kwa dakika moja. Hewa ya chini inaweza kuua kabla ukuta haujaanguka. Ombeni ruhusa ya mwenye eneo. Na mjue kwamba kwa sheria yetu madini ni mali ya umma. Kuchimba, kununua na kuuza kunataka leseni. Mwenye shaka aulize ofisi ya madini kabla ya kubeba.

Haya, mezani kuna mawe matano, misumari, vigae na nusu ndimu. Wadogo waanze. Lile jeusi linalong'aa litawashangaza mkilisugua, kwa hiyo atakayetangulia asiwaambie wenzake unga wake una rangi gani.