Kabla Hujasema Mwani Umekataa

Asalaam aleikum kina mama, na kina baba wachache mliofika.

Leo hatufundishi kufunga mwani kwenye kamba, hiyo kazi mnaijua. Tunazungumzia akili ya mkulima inapokutana na jambo ambalo jana halikuwapo.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, kwa mbegu, yaani vipande vya matawi, zilizotoka Ufilipino. Aina zilikuwa mbili: kotonii yenye bei nzuri, na spinosamu yenye bei ya kusikitisha lakini isiyokufa ovyo. Kisha maji ya kina kifupi yakazidi joto, kotonii ikaanza kuoza, na sehemu nyingi ikashindikana kabisa. Wako walioendelea kuipanda palepale, msimu baada ya msimu, kwa kuwa bei yake ni kubwa. Mazoea yana taabu. Bei ya mwani uliooza ni sifuri.

Tawi likigeuka jeupe, likalainika na kukatika, wengi hulaumu mbegu. Ukweli ni kwamba mwani umeelemewa: joto, au mvua kubwa iliyopunguza chumvi, au maji yaliyotuama bila mkondo. Vijidudu huingia baadaye, kwenye tawi lililokwisha kudhoofika. Ndiyo maana anayenunua mbegu mpya na kuifunga kwenye vigingi vilevile hupata hasara mara mbili. Kwanza uliza maji yamefanyaje. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana kati ya saa nne na saa sita, jua likiwa kali, na kamba iliyobaki kwenye kidimbwi inapikwa. Tumbukiza kipimajoto hapohapo penye kamba. Kikishinda juu ya nyuzi 30, tatizo lako ni mahali.

Ila usihamishe shamba zima kwa sababu jirani kahama. Chukua kamba kumi. Tano zibaki mahali pa zamani, tano zipeleke karibu na mkondo. Mbegu iwe moja, vifungu vya gramu 100 hivi, nafasi ya sentimita 20, zifungwe siku moja. Pima uzito wa kila kamba siku ya kufunga, andika, kisha pima tena bamvua inayofuata, baada ya wiki mbili. Kabla hujaona matokeo, amua kabisa: kamba za mkondoni zikishinda bamvua mbili mfululizo, nahamisha nusu ya shamba. Ukingoja kuona kwanza, utatafuta sababu ya kubaki; binadamu ndivyo tulivyo.

Kosa tunaloliona zaidi ni kubadilisha mbegu, mahali na kamba kwa mkupuo. Mwani ukistawi hujui nini kimesaidia, ukifa hujui nini kimeua.

Maji ya kina yana njia yake: mwani hujazwa ndani ya mirija ya nyavu ili mawimbi yasiuchukue. Kotonii huweza kupona huko, lakini panahitaji chombo, na kina mama wengi hawajui kuogelea. Kuogelea kuje kwanza, nyavu baadaye. Atakayegeuza mpangilio huo hatumsifu kwa ujasiri.

Asiyeweza kwenda kinani, abaki na spinosamu na abadilishe kinachofuata baada ya mavuno. Aanike kwenye chanja, si mchangani. Kikundi kinaweza kusaga mwani kuwa unga na kutengeneza sabuni kwa mafuta ya nazi. Hapo sharti moja halina mjadala: magadi makali (kostiki soda) humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye magadi, yataruka usoni. Mnunuzi atakwambia spinosamu haina maana. Mwulize mbona anainunua.

Bamvua ijayo tukutane ufukweni na mizani ya mkono. Atakayekuja na kamba za mahali pawili, tutaanza na zake.