"Hawapo" Ikasikika "Wapo": Maiki, Kitufe na Timu

ZUHURA: Karibuni tena, wapenzi wasikilizaji. Mimi Zuhura niko Tanga, na kaka Baraka yuko Mwanza. Leo tunaongelea gemu za kushirikiana, zile ambazo mnashinda wote au mnapoteza wote. Na hasa kile kinachopita kati yenu mnapocheza: sauti, alama, au ukimya. Baraka, anza na lile neno lako.

BARAKA: Neno ni "hawapo". Wiki iliyopita tulikuwa watatu, mimi nimetangulia kuchungulia nyumba moja. Ndani hakuna mtu. Nikabonyeza kitufe cha kuongea nikasema "hawapo". Papo hapo wenzangu wakamwaga risasi zote madirishani. Tukafika mbele tumebaki na visu.

ZUHURA: Walisikia "wapo".

BARAKA: Walisikia "wapo", dada. Ile "ha" haikwenda. Tatizo ni kwamba mdomo una haraka kuliko kidole. Unaanza kusema, kidole ndiyo kwanza kinafika kwenye kitufe. Na hata ukiacha maiki wazi, programu nyingi zinangoja sauti ipande kiasi fulani ndipo zifungue njia. Silabi ya kwanza inatumika kubisha hodi, inayoingia ndani ni ya pili.

ZUHURA: Na Kiswahili kinakanusha mlangoni kabisa.

BARAKA: Hapo ndipo tunapoumia! Ha-, si-, usi-, vyote viko mbele. "Hatuendi" ikikatwa kichwa inabaki "tuendi", na ile "i" ya mwisho inakuokoa, unajua kuna kitu kimepotea. Lakini "hatutaruka" ikikatwa ni "tutaruka", sentensi nzima, safi, na maana imegeuka. "Hayupo" inakuwa "yupo". Siku hizi kwenye timu yetu hatusemi "hawapo". Tunasema "tupu". Au unatanguliza jina la mtu, "Zuhura, hawapo", jina ndilo likatwe.

ZUHURA: Wazee wa simu za upepo walishalijua hilo. Unamwita mtu kwanza, ujumbe baadaye.

BARAKA: Na unabonyeza, unavuta pumzi, ndipo unasema.

ZUHURA: Mimi niwaletee upande wa pili, mkia unapokatwa. Kuna gemu inaitwa Keep Talking and Nobody Explodes, ilitoka 2015. Mmoja anaona bomu kwenye skrini yake. Wengine wana kitabu cha maelekezo cha kurasa 23, unaweza kukichapisha kwenye karatasi, na hawaruhusiwi kuona bomu. Kwa hiyo mwenye macho hana maarifa, na mwenye maarifa hana macho. Kilichopo kati yao ni maneno tu. Mabomu ya mwanzo yanakupa dakika tano. Ukikosea, saa inaanza kukimbia zaidi. Kosa la tatu, mmekwisha.

BARAKA: Simulia lile la nyaya tano.

ZUHURA: Nilikuwa nasoma kitabu, binamu yangu ndiye mwenye bomu, yuko Dodoma. Ananitajia nyaya tano kuanzia juu. Rangi za nyaya kwenye gemu ile ni nyekundu, nyeupe, nyeusi, bluu na njano. Sasa sikiliza: mwekundu, mweupe, mweusi. Zote zinaanza "mwe". Ukisema nyekundu, nyeupe, nyeusi, ni yale yale. Mtandao ukaguguna mwisho wa neno, nikasikia "wa tano ni mwe..." Nikachukulia mweupe. Kitabu kinasema hivi: zikiwa nyaya tano, kama wa mwisho ni mweusi na namba ya bomu inaishia na tarakimu isiyogawanyika kwa mbili, kata wa nne. Lakini kama hakuna mweusi hata mmoja, kata wa pili, isipokuwa mwekundu uwe mmoja tu na wa njano wazidi mmoja. Kwetu wa njano hakuwepo. Nikamwambia kata wa pili.

BARAKA: Na ulikuwa mweusi.

ZUHURA: Ulikuwa mweusi. Kosa. Yeye kule anasema "lakini nimekuambia mweusi!" na kweli aliniambia. Hakukosea yeye, sikukosea mimi. Kati ya "si" na "pe" palikuwa na Dodoma hadi Tanga. Tangu siku hiyo tunasema damu, maziwa, mkaa. Waya wa damu, waya wa maziwa, waya wa mkaa. Hata sauti ikatwe vipande vitatu, "mkaa" na "maziwa" havichanganyiki.

BARAKA: Hili nalipenda kuliko vyote. Hakuna aliyewafundisha. Laini mbovu imewalazimisha mtunge lugha.

ZUHURA: Na kuna ile sehemu ya alama za ajabu, herufi za Kigiriki na Kirusi za zamani. Huna jina lake, huwezi kuisoma, inabidi uielezee. Ile yenye meno matatu sisi ni "uma wa kuvulia samaki". Nyingine "buibui amelaliwa". Ukiingia kwetu leo hutuelewi, ila sisi tunamaliza ukurasa ule kwa sekunde kumi.

BARAKA: Niongeze kitu cha kiufundi, maana watu wanadhani sauti ndiyo inayomaliza bando. Sauti ni nyepesi. Discord, ile programu ya kuongea mkiwa mnacheza, iliyoanza 2015, chumba chake cha kawaida kinatuma sauti kwa kilobiti 64 kwa sekunde. Mtu akiongea saa nzima bila kunyamaza ni kama MB 29. Kinachotutesa ni umbali na kukatika. Sauti inagawanywa vipande vidogo, kwa kawaida vya milisekunde 20, kila kipande kinasafiri peke yake. Kikipotea, programu inakisia kilichokuwemo. Ndiyo maana unasikia mtu anakuwa kama roboti: zile ni silabi za kukisiwa.

ZUHURA: Na umbali?

BARAKA: Mwanga ndani ya nyaya za intaneti unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Ni kasi kubwa, lakini seva, ile kompyuta inayopokea sauti na kuigawa, ikiwa Ujerumani, mimi Mwanza na wewe Tanga, sauti yangu inapanda mpaka kule ndipo irudi kwako. Hata njia ingekuwa imenyooka, ni zaidi ya milisekunde 65 za mwanga peke yake, na nyaya za baharini hazinyooki. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, wanashauri sauti ichelewe isizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja ili mazungumzo yaende vizuri. Ukizidi hapo, watu wanaanza kukatizana. Mnaongea wote, mnanyamaza wote, kila mtu anamngoja mwenzake.

ZUHURA: Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika upande wetu wa bahari, tulicheza hivyo wiki nzima. Nakumbuka tulikuwa tunahesabu "moja, mbili, tatu, vuta" ili tuvute pamoja. Kila mtu alisikia "vuta" kwa wakati wake.

BARAKA: Gemu ya Portal 2 walilitatua hilo tangu 2011. Mnacheza roboti wawili, na kuna alama ya kuhesabu, tatu, mbili, moja, inatokea kwenye skrini za wote wawili. Hata mkiwa kimya mnaruka pamoja.

ZUHURA: Sasa twende kwenye umbali wa kutengenezwa. Gemu kama Lethal Company, ya 2023, sauti ya mwenzako inafifia kadiri anavyokwenda mbali. Kuna simu ya upepo ya kununua, lakini inabidi uishike mkononi, kwa hiyo aliyeishika ana nafasi ndogo ya kubeba kitu kingine. Mawasiliano yanakuwa mzigo, yanakula nafasi kama mzigo wowote.

BARAKA: Na mtu akifa, sauti inakatika katikati ya neno.

ZUHURA: Hicho ndicho kilichonigusa. Tulikuwa korido moja, mwenzetu anaelekeza, "mkifika hapo pindeni ku..." Basi. Hakuna ujumbe kwamba fulani amekufa. Ukimya ndiyo ujumbe. Tukasimama, tukaita jina lake mara mbili. Kwenye Discord angeendelea kuongea, angetueleza kilichomla na kiko wapi, na sisi tusingeogopa chochote. Kwa hiyo nasema wazi: mkiicheza ile gemu, zimeni Discord.

BARAKA: Nakubali. Sasa niruhusu nimseme mdogo wangu, amenipa ruhusa. Ana kigugumizi. Kwenye gemu za sauti alikuwa anaitwa "bubu". Kila akianza neno, mwingine analimalizia, na analimalizia vibaya. Akaacha kuwasha maiki. Kisha akaanza kucheza Apex Legends.

ZUHURA: Ya pingi, zile alama za kubonyeza badala ya kuongea.

BARAKA: Hiyo. Ilitoka Februari 2019, timu ya watu watatu. Unaelekeza kitu, unabonyeza, wenzako wanaona alama mahali penyewe, na mhusika wako anasema kwa sauti yake. Mara mbili haraka, adui yuko pale. Ukielekeza bunduki, inatajwa ni ya aina gani, na mwenzako anaweza kujibu kwa kitufe kwamba anaitaka. Angalia sauti ingefanya nini hapo: "yuko kule, karibu na mti", "mti upi?", "ule mkubwa". Mmeshapigwa. Pingi inabeba "upi" na "wapi" ndani yake.

ZUHURA: Na mdogo wako?

BARAKA: Nilikaa nyuma yake jioni moja nikamtazama. Yuko na watu wawili asiowajua, sidhani hata walikuwa wa nchi moja. Anaweka alama, wanamfuata. Anaweka nyingine juu ya paa, wanapanda. Kidole chake hakina kigugumizi. Mechi ya tatu nikagundua yeye ndiye anayeongoza timu na hakuna anayelalamika. Nilikaa pale nikaumia, nikawaza ni mara ngapi mimi mwenyewe nimemmalizia sentensi.

ZUHURA: Nina swali lakini, kaka. Pingi inasema "pale". Haisemi "kwa nini". Haiwezi kusema "pole, tujaribu tena". Tulipokosea ule waya, kilichotuweka mchezoni ni binamu yangu kucheka na kusema "tuanze upya, dada".

BARAKA: Kweli. Pingi haibembelezi. Ndiyo maana mimi na mdogo wangu bado tunacheza ya bomu nyumbani, yeye anasoma kitabu. Hapo hakuna mashine katikati, tumegeuziana migongo tu. Anasoma taratibu, saa inakimbia, mimi nangoja neno lake liishe lenyewe. Juzi alikwama kwenye "kata wa..." sekunde nane nzima, naziona zinavyopungua. Nikanyamaza.

ZUHURA: Akasema?

BARAKA: "Wa nne." Na ulikuwa wa nne.

ZUHURA: Na kwenye Apex, sasa anawasha maiki?

BARAKA: Hapana. Na sijamwambia awashe.