Nipeni Kibao, Sanamu Mbaki Nayo

Wenyeji wa Nakuru, hamjambo? Walionisikia Njoro wanajua ninakoelekea. Wavumilie. Swali ni hili: sanamu za enzi za ukoloni tuzivunje, au tuziache na kuziwekea kibao cha maandishi kinachoeleza historia yake? Mimi nasema kibao.

Mwaka 2015 sanamu ya Malkia Victoria katika bustani ya Jeevanjee, Nairobi, iliangushwa. Baadaye nikampeleka mjukuu wangu. Anatazama jiwe lililobaki, ananiuliza, "Babu, nani alikuwa hapa juu?" Kabla sijafungua mdomo, kijana wa kung'arisha viatu akadakia: "Bibi yake Jeevanjee huyo. Alikufa kwa uchungu wa mapenzi." Mtoto akatoa daftari, akaandika.

Nilicheka hadi nikashika mti. Usiku sikucheka tena, kwa maana nani angemsahihisha yule kijana? Ana hadithi, na hadithi yake ina mapenzi. Mimi nina tarehe tu. Jeevanjee alikuwa mfanyabiashara Mhindi, ndiye aliyeitoa sanamu hiyo, na mwaka 1906 ikazinduliwa na Duke wa Connaught, mwanawe Victoria mwenyewe. Mhindi anamsimamishia malkia sanamu, na serikali ya malkia huyo huyo inazitenga nyanda za juu kwa wazungu, Mhindi asiguse! Hiyo si tamu kuliko uchungu wa mapenzi? Ni mistari minne ya kibao.

Najua, kuna anayenung'unika hapo kwamba Mkenya hasomi. Hasomi? Mbona anasoma maandishi ya matatu ikimpita mbio, na kesho anakukariria? Andika Kiswahili, herufi kubwa, usawa wa macho. Si vile vibao vya shaba vya Kiingereza vilivyowekwa magotini kana kwamba vimeandikiwa mbuzi.

Mwingine atasema kibao ni plasta juu ya jipu. Sawa, tukavunje. Halafu? Tutazameni ya kwetu. Sanamu ya Lord Delamere, mlowezi wa Kizungu, ilisimama kwenye barabara yenye jina lake Nairobi, leo Kenyatta Avenue. Baada ya uhuru ikang'olewa, ikaletwa hapa jirani, Soysambu, kwenye shamba la familia. Nani kati yenu ameiona? Mmoja, wawili... mikono mitatu, na huyu wa tatu anajikuna. Tuliiondoa barabarani, mashamba yakabaki vilevile, na swali la ardhi nalo tukalifungia humo pamoja na ng'ombe.

Mimi ningeandika hivi: "Mwaka 1903 mtu huyu alikodishiwa eka 100,000 Njoro kwa miaka 99. Mwaka 1904 Wamaasai walihamishwa kutoka hapa Bonde la Ufa, wengine wakapelekwa Laikipia, kwa mkataba ulioahidi kudumu maadamu Wamaasai wapo. Mwaka 1911 ukaandikwa mwingine, wakaondolewa Laikipia nako." Basi. Sijamtukana mtu, sijamsifu mtu. Msomaji ahesabu mwenyewe kutoka 1904 hadi 1911.

Nilitaka kuwapeleka Kisumu, ambako mwaka 2014 mnara wa Masingasinga wa kuadhimisha miaka mia yao mjini uliharibiwa kwa kuitwa wa kishetani, na pia niziulize sanamu za mashujaa wetu, ya Dedan Kimathi wa Mau Mau ya 2007 na ya mwanasiasa Tom Mboya ya 2011, vibao vyao vinaficha nini, maana mashujaa nao wana ya kuulizwa. Lakini mwenyekiti ananionyesha saa, na saa yake ni kubwa.

Maswali? Mzee wa kofia, pale nyuma, mkono wako uko juu tangu nilipotaja mashamba. Karibu, mzee.