Mmeniomba hela ya mbwa, nami nina maswali

Assalam alaykum, hamjambo nyumbani? Aliye Malindi, aliye Lamu, aliye Mombasa anayekunywa chai saa hizi, karibuni nyote. Msinione nimejifunika gubigubi mkadhani naficha madeni. Huku Berlin leo ni nyuzi 4 chini ya sufuri, ni saa moja asubuhi na bado giza. Na huyu mbwa mnayemwona ananivuta anaitwa Bruno. Si wangu. Ni wa jirani yangu wa chini, bibi wa miaka 78, goti lake limekataa ngazi tangu mwezi wa kumi. Asubuhi namtembeza mimi, jioni anakuja kijana mwingine. Bruno hajui baridi, hajui Jumapili. Akitaka kutoka, ni kutoka.

Nimemtia kwenye kamera kwa sababu. Majuzi kwenye kundi la familia iliingia picha ya kitoto cha mbwa, masikio yameanguka, macho kama ya mtu anayekudai. Chini yake mpwa wangu ameandika: "Mjomba, ni 15,000 tu." Hiyo "tu" ndiyo iliyoninyima usingizi.

Nawaelewa, lakini. Mwezi uliopita wezi waliruka ukuta wa nyuma pale kwetu Muyeye, Malindi, wakaondoka na pampu ya maji na viatu vyote vya barazani. Mpaka ndara za babangu za kwendea msikitini wamebeba, sijui walitaka kwenda kutubu. Kwa hiyo wameketi, wamejadili, wameafikiana: tununue mbwa. Na katika familia yenye mtu Ulaya, "tununue" mnajua maana yake.

Basi kabla sijatuma senti ya mbwa, nataka niwaeleze jambo ambalo familia yangu inalijua na tumekubaliana kimyakimya kutolitaja.

Tulishawahi kuwa na mbwa. Mwaka 2017, mwaka wangu wa kwanza huku, nilipopata mshahara wa maana nikajiona sultani. Nikatuma hela ya mbwa. Akanunuliwa, akaitwa Simba. Kila mwezi nilikuwa natuma chakula chake pamoja na hela ya stima, na nikiona picha yake nasema, mbwa wangu huyo. Mwaka 2019 nikaja nyumbani. Nimeshuka kwenye tuktuk na masanduku yangu, nimefungua geti, Simba akanijia juu mpaka mnyororo ukamkaba. Alibweka usiku kucha. Mimi niliyemnunua na kumlisha ndiye mwizi wa kwanza aliyemuona kwa macho yake! Lakini alipotoka yule kijana aliyekuwa akituletea maji, ambaye hakuwa ametoa hata shilingi, Simba alilala chali akaomba kukunwa tumbo.

Hapo ningeelewa, ningekuwa na akili. Sikuelewa.

Nilichokiona nikakipuuza ni ardhi. Pale chini ya mwarobaini palikuwa na duara, limechorwa barabara kama kwa bikari. Ndani ya duara mchanga mtupu, umelainika kama unga wa mahamri. Nje ya duara majani yameota. Hiyo ndiyo dunia yote ya Simba, urefu wa mnyororo wake. Huku Ujerumani kumfunga mbwa namna hiyo kumepigwa marufuku tangu 2023, na hata kwetu Kenya iko sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, ya miaka mingi tu. Lakini nani anaijua? Mbwa mkali tunamwona ni mbwa mzuri, na mbwa ukimfunga mchana na usiku atakuwa mkali, hana njia nyingine.

Mwaka uliofuata mnyororo ukakatika. Mtoto wa jirani alikuwa anatoka chuoni, yaani madrasa, na juzuu lake kwapani, Simba akamuuma kigimbi. Jirani hakuja na panga, Mungu ambariki. Alikuja na swali moja: "Kadi ya chanjo iko wapi?" Haikuwako. Nilikuwa nimetuma hela ya chanjo mara mbili. Mara ya kwanza gesi ilikuwa imeisha ndani. Mara ya pili sikuuliza.

Sikilizeni hapa vizuri, hata kama hamtanunua mbwa maisha yenu. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, hakuna dawa. Karibu kila anayefika hapo anakufa. Na wengi mno wanaokipata duniani, 99 kati ya 100, wamekipata kwa mbwa. Akikuuma mbwa, au hata akikuramba penye kidonda, unaosha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima ukitazama saa, kisha unakwenda hospitali siku ile ile. Msiweke pilipili wala mafuta ya taa, na msisubiri kuona kama mbwa atakufa. Yule mtoto alipigwa sindano siku hiyo, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28. Kila sindano nililipa mimi, na nauli, na muda wa mamake kufunga biashara. Ilipita bei ya Simba mwenyewe mara mbili.

Simba alitazamwa siku 10, kama inavyotakiwa, na siku ya 10 alikuwa mzima anakula vizuri. Kwa hiyo hakuwa na kichaa. Siku ya 11 hakuwapo. Nani alimtoa na alimpeleka wapi, mpaka leo hapana anayesema, nami sijauliza. Duara lilikaa mpaka mvua ya masika.

Bruno, ngoja. Ngoja bwana. Samahani, ameona kindi.

Sasa turudi kwenye 15,000 "tu". Nilimpigia dadangu tukapiga hesabu ya jikoni. Mbwa mkubwa wa ulinzi, kwa mapishi ya nyumbani, anakula kama nusu kilo ya unga kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 15, pakiti saba na nusu. Dadangu anasema dukani kwao pakiti ni 160, basi unga peke yake ni 1,200. Ugali mtupu hautoshi, anataka dagaa au vichwa vya samaki, na vya shilingi 80 kwa siku ni 2,400. Jumla 3,600 kwa mwezi. Zidisha kwa 12: ni 43,200 kwa mwaka. Na huyo bado hajaona daktari wa mifugo.

Najua kuna atakayesema, mbwa anakula makombo. Makombo ya nani? Ya kwetu sisi watu wa pwani? Kitunguu kinamharibu mbwa damu, kibichi na kilichopikwa. Sasa niambieni chakula gani cha kwetu hakina kitunguu. Zabibu zinaweza kumuua figo, nasi biriani ya sikukuu tunaimwagia zabibu. Mfupa wa kuku uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha, unamchoma matumboni. Bora apikiwe sufuria yake, bila viungo, na sufuria hiyo isichanganyike na za ndani, kwa hilo mamangu hana mjadala.

Na hapa niseme la dini kabla hamjaniandikia. Tumesoma wote chuoni: chombo alichoramba mbwa kinaoshwa mara saba, moja yake kwa mchanga. Tumesoma pia kwamba mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda ana ruhusa yake. Na tumesoma kile kisa cha aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa madhambi. Watu wengi wanashika somo la kwanza tu. Bibi yangu alikuwa mtu wa Lamu, mji wa punda na paka, mbwa kwake alikuwa kama chui. Lakini ndiye aliyekuwa akimwekea Simba maji saa za jua kali, kwa kikopo cha samli, anakisukuma kwa fimbo mpaka ndani ya lile duara.

Chanjo: kitoto cha mbwa kinaanza kuchanjwa kikiwa na wiki 6 hadi 8, kinarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka kifike wiki 16 hivi, na ile ya kichaa kinapata kikifika miezi 3, kisha mnarudia kama daktari alivyoandika kwenye kadi, kwetu mara nyingi kila mwaka. Dawa ya minyoo, kila wiki 2 mpaka miezi 3, baadaye kila miezi 3. Kupe na viroboto, kwa joto na majani ya Malindi, hao ni vita vya mwaka mzima. Kama ni jike, anaingia joto kama mara mbili kwa mwaka, na mbwa wote wa Muyeye mpaka Barani watakuja kuposa. Siku 63 baadaye mna vitoto saba. Kwa hiyo kufungwa kizazi nako kutieni kwenye hesabu.

Mkitaka maoni yangu, yule wa kwenye picha, mwenye manyoya mengi ya kizungu, simtaki. Atateseka na jua la Februari. Chukueni mbwa wa kienyeji, manyoya mafupi, mwepesi, damu yake imeizoea pwani. Na hawauzwi 15,000.

Mnaona hiki kibati shingoni kwa Bruno? Hiki ni cha kodi. Mbwa huku mwenyewe anamlipia kodi kwa mji, Berlin ni yuro 120 kwa mwaka kwa mbwa wa kwanza, karibu shilingi 18,000, na wa pili ni 180. Ana kidude chenye namba chini ya ngozi, ameandikishwa, na lazima awe na bima, akimwangusha mtu wa baiskeli bima ilipe. Kiwango cha chini cha bima hiyo ni yuro milioni 1! Nilipomsimulia babangu alicheka mpaka akakohoa: "Mbwa ana bima, mimi sina." Daktari wa wanyama naye analipisha kwa orodha ya serikali, na orodha hiyo ilipanda Novemba 2022. Jino moja la Bruno lilimgharimu huyu bibi pensheni ya wiki mbili. Akalipa. Kisha akaniambia mwaka huu hasafiri.

Sisemi tuige ya huku, kodi ya mbwa Malindi itatuletea maandamano. Nasema huyu bibi, na goti lile, kila jioni nikipita namkuta ameketi chini sakafuni anamchana manyoya na kumtazama masikio kama yana kupe. Bruno akinuna, anajua. Mimi namvuta kamba tu.

Ndiyo maana swali langu kwenye kundi halikuwa la hela. Niliuliza: nani ataamka? Kimya. Alama mbili za buluu kwa watu 14. Kisha mpwa wangu akaandika "mimi". Ana miaka 12. Mbwa akitunzwa anaishi miaka 10, 12, 13. Huyu kijana akiwa na 24 mbwa atakuwa mzee anatembea kwa shida, na mwenyewe atakuwa wapi? Labda bweni, labda Mombasa, labda huku anakoroga theluji kama mjomba wake. Na mamake, yaani dadangu, ndiye atakayebaki na sufuria.

Kwa hiyo tumepatana hivi. Ukuta wa nyuma nimetuma hela uongezwe mistari mitatu ya mawe, na taa ya jua iwekwe pale kwenye pampu, maana mwizi hasubiri mbwa akue. Kuhusu mbwa, nimempa mpwa wangu siku 30. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi achukue kamba tupu, azunguke mpaka ufukweni na kurudi, nusu saa. Akirudi aoshe bakuli tupu, alijaze maji, aliweke kivulini. Kisha mamake anampa shilingi 120 kutoka kwenye hela niliyotuma, anaitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Hajatembea, haitiwi. Siku 30 zikitimia, kopo likiwa na 3,600, naja kwenye simu tunaongea mbwa, na mnyororo haununuliwi, linajengwa banda na ua unafungwa vizuri.

Majirani wanamcheka, wanamuuliza mbwa wake asiyeonekana anaitwaje. Yeye anatembea, kamba yake begani.

Leo asubuhi ilikuwa siku ya 11. Dadangu amenitumia picha ya kopo limemwagwa mezani, noti na sarafu. Nimezihesabu mara mbili: 960. Siku alizolala hesabuni wenyewe. Mimi sasa niacheni niiname, Bruno amemaliza haja yake na mfuko uko mfuko huu wa kushoto, ambao siwezi kuufungua kwa glavu.